Namna ya kuwakalisha wazee wastaafu wa siasa meza moja ili wasaidie mageuzi, kama tulivyofanya Moshi

Tangu Desemba simu haziishi. Wengine wanapiga toka Arusha, mmoja toka Same, na wote wanauliza kitu kimoja, nyie mliwezaje kuwakalisha wale wazee pamoja maana kwetu hata msibani hawasogeleani. Nimeona badala ya kumweleza kila mtu peke yake niandike yote hapa. Nitaeleza kama tulivyofanya, na palipokwama nitasema palikwama.

Kwanza tuelewane nazungumzia nani. Mstaafu hapa sio lazima awe rais. Kata yako ina diwani wa zamani, ina mbunge aliyerudi kushughulika na migomba yake, ina mkuu wa wilaya mstaafu, ina mama aliyekaa viti maalum vipindi viwili, ina mwenyekiti wa kitongoji aliyeongoza mpaka watu wakamzoea kama mlima. Hawa wanaujua mfumo kwa ndani, wanajua fomu inapita mlango gani na inakwama kwenye meza ya nani, na la muhimu zaidi hawaombi kura tena. Aliye madarakani akisema utaratibu wa uchaguzi una kasoro ataulizwa unamsema nani, wa upinzani akisema ataambiwa kashindwa huyo ana uchungu, ila mzee wa miaka 74 ambaye hagombei chochote akisema, na pembeni yake amekaa yule aliyekuwa mpinzani wake miaka yote, hapo mtu anaweka simu chini anasikiliza.

Na hapo ndo penye siri yote. Mstaafu mmoja hana nguvu sana, ataonekana analalamika kwa sababu hayupo kwenye gari la serikali. Nguvu inakuja wakikaa wale waliogombana.

Wakubwa walivyofanya

Angalia Kenya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulileta vurugu, watu zaidi ya 1,000 wakafa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Januari 2008 walienda marais wastaafu wanne, Chissano wa Msumbiji, Masire wa Botswana, Kaunda wa Zambia na Mkapa wetu. Ukiwatazama hao wanne, kila mmoja alikuwa ameshatoka kwenye kiti na maisha yakaendelea, Kaunda ndo kabisa, alishindwa kwenye kura mwaka 1991 akakabidhi. Mtu kama huyo akimwambia mwenzake kwamba kuachia sio kufa, anasema kitu anachokijua.

Baadaye ikaja ile timu ya Kofi Annan, katibu mkuu mstaafu wa Umoja wa Mataifa, akiwa na Mkapa na Mama Graça Machel. Hawakuanza na katiba. Waligawa mazungumzo mafungu manne, la kwanza kusimamisha vurugu, la pili waliokimbia makwao wapate msaada, la tatu mgogoro wenyewe wa madaraka, na la nne ndo mageuzi ya muda mrefu, katiba, sheria, taasisi, ardhi. Mwishoni walipoona timu za majadiliano zinavutana tu, wakaweka kikao kidogo cha Kibaki aliyetangazwa mshindi, Raila mpinzani wake, Annan, Mkapa na Kikwete ambaye alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Watu watano tu. Tarehe 28 Februari 2008 makubaliano yakasainiwa, na lile fungu la nne likaja kuzaa katiba mpya iliyopigiwa kura Agosti 2010. Kumbuka hilo la mafungu, nitalirudia.

Mfano mwingine ni wa Marekani na mimi naupenda sana. Mwaka 1976 Jimmy Carter alimshinda Gerald Ford kwenye urais. Uchaguzi wao wa mwaka 2000 ulipoleta mzozo mkubwa wa kuhesabu kura kule Florida, hao hao Ford na Carter wakawa wenyeviti wa pamoja wa tume ya wananchi ya kuangalia uchaguzi unavyoendeshwa, wakatoa ripoti 2001, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyobeba mengi ya waliyoyapendekeza. Aliyeshinda na aliyeshindwa, jina kwa jina, kwenye karatasi moja.

Sasa tuje nyumbani, kwenye kata.

Chagua jambo moja, tena dogo kuliko unavyotaka

Sisi tulianza vibaya. Karatasi yetu ya kwanza ilikuwa na mambo kumi na moja, katiba mpya, tume, madaraka ya rais, muungano, kila mtu aliongeza lake. Mzee wa kwanza tuliyempelekea aliisoma, akaikunja, akaturudishia, akasema wanangu hii Warioba alishaifanya.

Na alikuwa sahihi. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2012 ilikuwa na Jaji Warioba aliyewahi kuwa waziri mkuu, ikawa na Salim Ahmed Salim naye aliyewahi kuwa waziri mkuu, makamu mwenyekiti akiwa Augustino Ramadhani jaji mkuu mstaafu. Walizunguka nchi nzima, rasimu ya pili wakaikabidhi mwisho wa Desemba 2013, na mnajua kilichotokea Dodoma 2014, Bunge Maalum likabadilisha mengi yakiwemo yale ya serikali tatu, ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya muungano, na kura ya maoni iliyotakiwa iwe Aprili 2015 ikaahirishwa. Kama wazee wa hadhi ile walifika mahali wakakwama, wewe wa kata usianze na mzigo ule ule mzima mzima. Chukua kipande chake.

Kipande kizuri kina sifa mbili. Kiwe kinamgusa mtu wa mtaa wako aliyewahi kukiona kwa macho, na kiwe tayari kina karatasi nyuma yake. Mfano mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hiyo hiyo iliyopo Arusha, iliamua Juni 2013 kwamba kumzuia mtu kugombea mpaka awe na chama ni kinyume na haki zake, na rasimu ya Warioba nayo ilimruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo ukilichukua hilo huanzi sifuri.

Sisi tulichukua fomu. Wote tunakumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa 2019, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye hatua ya fomu, vyama kadhaa vikajitoa, chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wapo waliofurahi, wapo waliolia, ila kwenye kijiwe cha kahawa wote walikuwa na swali moja, fomu ya mwenyekiti wa kitongoji ina ugumu gani mpaka watu wote wale wakosee? Tukasema basi, tuanzie hapo. Fomu. Mzee yule yule aliyeturudishia karatasi alikubali siku hiyo hiyo.

Waandike wawili wawili

Chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Kushoto andika mstaafu, kulia andika aliyempinga. Usiandike jina la mtu bila mpinzani wake. Ukikuta upande mmoja una majina sita na mwingine mawili basi hujamaliza kazi, endelea kuuliza. Watu wataanza kukuambia fulani hawezi kuja, fulani ana hasira, fulani aliapa. Andika hivyo hivyo.

Kwa nini nakazania hili, ni kwa sababu ya Arusha yenyewe. Mwaka 1998 Mwalimu Nyerere, mstaafu wa miaka mingi, alianza kuwakutanisha Warundi waliokuwa vitani wenyewe kwa wenyewe pale Arusha, na zilifika pande 19 kusaini mwaka 2000. Kuna waliojiunga kwa shingo upande, kuna waliokuwa nje, lakini walio wengi walikuwepo, na katiba yao ya 2005 ilijengwa juu ya makubaliano yale. Sasa mwaka 2016 Mkapa akapewa kazi ya kuwakutanisha tena Warundi, mji ule ule, rais mstaafu mwenye uzoefu wa Kenya, na haikufika popote. Serikali haikukubali kukaa na baadhi ya wapinzani wake, na kwenye duru ya mwisho mwaka 2018 serikali haikutokea kabisa. Mkapa hakupungukiwa akili wala heshima. Alipungukiwa na mtu wa kukaa kiti cha pili.

Kwa hiyo orodha yako ikiwa ya upande mmoja usiitishe kikao. Ahirisha. Kikao cha nusu kinaharibu zaidi kuliko kutokuwa na kikao maana wale ambao hawakuitwa watakuwa na sababu ya kudumu.

Mambo mengine mawili kuhusu orodha. Aliye na cheo sasa hivi asiwepo, hata akiwa mtu mwema, hata akiwa shemeji yako. Lile kundi la wazee alilolianzisha Mandela mwaka 2007, The Elders, wana sharti hilo, mwanachama hashiki wadhifa wa serikali, na ukikaa kwenye kikao utaelewa kwa nini, mwenye cheo akiingia wote wanageuza shingo kumtazama yeye. La pili tafuta watumishi wastaafu, sio wanasiasa tu. Mtendaji wa kata mstaafu, mwalimu mkuu mstaafu aliyesimamia kituo cha kura mara tano. Sisi huyu mtendaji tulimsahau kabisa tukamkumbuka siku mbili kabla, na ndo aliyekuja kusema jambo zito kuliko wote.

Na akina mama. Usiniambie hawapo, wapo, madiwani wa viti maalum wa zamani wamejaa ila hakuna anayewaita wastaafu, wanaitwa mama fulani tu basi.

Kwenda kuomba

Usitume meseji. Usimwongeze mzee kwenye grupu la WhatsApp halafu useme umemwalika. Nenda nyumbani, nenda asubuhi kabla hajaenda shambani, nenda na mtu wa ukoo wake au jirani anayemheshimu. Shikamoo, ukae, uulizwe habari za kwenu mpaka ziishe, unywe unachopewa. Ukianza na ajenda kabla ya chai umeshajikosea.

Anza na aliyeshindwa, sio aliyeshinda. Hili tulijifunza kwa mama mmoja ambaye amesuluhisha sana mambo ya ndoa, alisema aliyeshindwa akisikia mwenzake ameshaitwa anajua yeye kaitwa kujaza kiti. Aliyeshinda akisikia mwenzake kakubali tayari, anaona aibu kukataa. Tulifanya hivyo na ikafanya kazi kwa wawili watatu, mmoja ilibidi twende mara nne.

Mwambie ukweli wote. Nani wengine wamealikwa, jambo ni lipi, nani anagharamia, hakuna posho, hakuna waandishi wa habari, na jina lake halitatoka mpaka aseme ndiyo kwa mdomo wake. Akikuuliza mna chama gani nyuma yenu usikasirike, ana haki, ametumika sana huyo.

Kuna swali la vibali. Sisi tulimpelekea mtendaji wa kata barua ya kumfahamisha kwamba wazee watakutana nyumbani kwa fulani, siku fulani, watu kumi na nne, kuzungumza uzoefu wao. Ikagongwa muhuri, nakala tukabaki nayo. Kama unafikiria mkutano wa hadhara hiyo ni habari nyingine na unahitaji kuwapa polisi taarifa mapema, ila kwa kazi hii mkutano wa hadhara hauna faida, mzee mbele ya umati anarudia hotuba yake ya mwaka 2000.

Siku na mahali

Kwa watu wa Kilimanjaro siku ipo wazi, Desemba. Wazee wetu wengine wanaishi Dar kwa watoto wao, wanapanda mwisho wa mwaka kama kila Mchagga, na kuanzia tarehe 20 mji unajaa. Ila angalia, Krismasi yenyewe imeliwa na familia, halafu kuna ubatizo, kuna harusi, kuna kumaliza msiba wa mwaka jana. Sisi tulishika tarehe 29 asubuhi saa tatu, na wote walikuja isipokuwa mmoja aliyekuwa na homa. Watu wa Arusha mnaotegemea wazee wa kimasai na wameru mtajua kalenda zenu wenyewe.

Mahali pasiwe ofisi ya chama wala ukumbi wa kanisa au msikiti, na ukumbi wa hoteli unawafanya watu wakae kama semina wanasubiri bahasha. Uani kwa mtu asiye na chama ni pazuri. Tulikaa kwa mwalimu mstaafu, chini ya mparachichi, viti vya plastiki tuliazima chama cha kuzikana, tukavipanga duara. Hakuna meza kuu. Hakuna itifaki imezingatiwa. Na tulikubaliana hakuna mheshimiwa siku ile, ni mzee na mama basi.

Chakula mtori, nyama na chai ya maziwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, iache iwe ya baada ya kazi, tena kwa anayetumia, kuna wazee Waislamu na kuna walokole na hutaki mtu akae pembeni tangu mwanzo.

Hela

Hapa ndo vikao vingi vinafia kwa hiyo nisikilizeni. Usichukue hela ya chama chochote. Usichukue ya mtu anayetaka kugombea, huyu atakuja na tabasamu na kreti za soda, mshukuru umrudishe. Na kama kuna shirika linataka kusaidia, liambie lisubiri mpaka wazee wenyewe waseme wanahitaji nini.

Yetu ilikuwa hivi. Nauli ya bodaboda na daladala shilingi 5,000 kila mzee, wote sawa, hata aliyekuja na gari ya mwanae alipewa 5,000 na akaichukua. Wazee kumi na nne, 70,000. Chakula 120,000. Fotokopi na karatasi 15,000. Jumla 205,000, tulichanga watu tisa, na risiti zikasomwa mbele ya wote kabla ya kuanza. Ungeona sura zao wakati risiti zinasomwa ungeelewa, watu hawa wamekaa maisha yao yote kwenye vikao ambavyo hela yake hawajui imetoka wapi. Wameru walichangishana wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kudai ardhi yao, sisi tunashindwa mtori?

Siku yenyewe

Mwenyekiti wa kikao awe mtu ambaye pande zote zinamwogopa kidogo. Wetu alikuwa mama, diwani wa zamani wa viti maalum, mama mwenye sauti ndogo sana ambayo inawafanya watu wanyamaze ili wasikie.

Hakuanza na fomu. Aliuliza swali moja, kila mtu ajibu kwa zamu, ukiwa madarakani au ukiwa unagombea ulifanya jambo gani kwenye uchaguzi ambalo leo ungelifanya tofauti. Nawaomba mlikopi swali hili kama lilivyo. Tuliogopa sana kuliuliza, mimi binafsi nilidhani watu watasimama waondoke.

Palikuwa kimya mpaka ukasikia kuku wanavyochakura kwenye majani ya migomba. Halafu mzee mmoja, nimwite mzee wa juu kwa kuwa kwake ni juu ya barabara, akavua kofia akaiweka gotini akaizungusha zungusha. Mwaka 2000 alikuwa anatetea udiwani. Mpinzani wake, mzee wa chini, alikuwa ameomba kiwanja cha mpira kwa mkutano wake wa kufunga kampeni. Mzee wa juu akasema yeye ndiye aliyeongea na mtu, na siku ile asubuhi kiwanja kikaambiwa kina mechi.

Wote tukamgeukia mzee wa chini. Akasema, na mpira wenyewe haukuwepo, watoto walikimbia kimbia tu mpaka saa kumi na mbili. Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, mzee wa juu akafuta macho. Ilipotulia mzee wa chini akasema na mimi nina langu. Baada ya kushindwa alizunguka mwaka mzima akisema kura za kituo cha shule ziliibiwa, na wakala wake alikuwa amesaini matokeo, na nakala alikuwa nayo ndani kabatini, anajua kabisa zilihesabiwa sawa. Kuna vijana walipigana kwa ajili ya maneno yale, akasema, mmoja ana kovu mpaka leo, akimwona kanisani anainama.

Miaka zaidi ya ishirini hawakupeana mkono hata kwenye amani ya ibada.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Na mwisho yule mtendaji mstaafu tuliyemwita kwa kuchelewa akasema kuna mwaka alimwengua kijana kwa sababu aliandika jina la kitongoji kwa kifupi. Hakuna aliyemwagiza kwa maandishi. Alipigiwa simu akaambiwa tu awe makini na fomu, na yeye alijua maana ya makini. Akasema ningekuwa na kanuni mkononi inayoniambia mwite arekebishe, ningemwita, ningekuwa na pa kujificha.

Hapo mama mwenyekiti akasema sasa tuzungumze fomu. Na mazungumzo yalichukua dakika arobaini tu, maana kila mtu alikuwa ameshasema kasoro ilipo kwa kutumia jina lake mwenyewe na sio la mwenzake. Ukianza na fomu moja kwa moja utakaa mpaka usiku mnarushiana lawama.

Kama wakikwama, kumbuka mafungu ya Kenya. Yale yanayokubalika leo yaandike fungu la kwanza, yale magumu yape fungu lake na tarehe yake. Wazee wetu walibishana sana nani asimamie uchaguzi wa mitaa, TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, au tume ya uchaguzi, hawakukubaliana, tukaliandika kama jambo la kikao kijacho na hakuna aliyekasirika.

Karatasi

Ukurasa mmoja. Lugha yao, sio yako wewe msomi. Yetu ina maombi matatu: mgombea mwenye kasoro ndogo kwenye fomu aitwe apewe muda wa kurekebisha kabla ya kuenguliwa, anayeenguliwa apewe sababu kwa maandishi na ibandikwe siku hiyo hiyo, na vyama vyote vikae na msimamizi vioneshwe namna ya kujaza fomu kabla hazijaanza kutolewa. Chini majina na sahihi, mmoja aliweka dole gumba. Majina yapangwe kwa alfabeti ili kusiwe na wa kwanza wala wa mwisho kisiasa.

Soma kwa sauti mara mbili kabla ya kusaini, kuna wasioona vizuri na hawatakuambia.

Wanaopeleka ni wale mahasimu wawili. Sio wewe. Sisi vijana tulibaki nje getini kwenye kivuli, mzee wa juu na mzee wa chini wakaingia pamoja ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, mmoja amemshika mwenzake mkono kwa sababu ya ngazi. Nakala moja kwa mbunge, moja ikatumwa TAMISEMI. Kila nakala hakikisha unabaki na yako iliyogongwa imepokelewa.

Majibu hayaji haraka. Mpaka naandika hii tumejibiwa na ofisi moja tu, kwamba wameipokea na wanaifanyia kazi. Wazee wamepanga kurudi wenyewe, wale wale wawili, kila baada ya miezi mitatu kuulizia, kwa adabu, wakiwa wamevaa vizuri. Usiwapeleke mitandaoni kabla hawajataka, ukimrusha mzee video akashambuliwa na watoto wa watu hutamwona tena.

Na weka kumbukumbu. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kazi ya Warundi ikiwa katikati, lakini timu ilikuwepo na kamati zilikuwa zimeshaandika, kwa hiyo Mandela alipokabidhiwa alikuta pa kushika, na Agosti 2000 ikasainiwa pale pale Arusha. Sisi wazee wetu hawana timu, wana sisi. Omba ruhusa urekodi sauti kwa simu, andika muhtasari kwa mkono, tengeneza nakala tatu, moja kwa mwenyekiti, moja kwa aliyeshinda, moja kwa aliyeshindwa. Chukua pia namba ya mtoto wa kila mzee.

Yule mtendaji mstaafu alitutoka mwezi wa pili. Nakala yenye maneno yake tuliisoma kwenye kikao cha Machi, kijana aliyeenguliwa ndiye aliyeisoma, na kiti chake amekikalia mwalimu aliyesimamia kituo cha shule. Kikao kijacho ni Juni, jambo ni lile la TAMISEMI na tume, na mzee wa chini amesema kitafanyika kwake.